Mchicha wa Mzee Adelard

Najat alipohamia Chamazi kutoka Temeke alidhani kiwanja kikubwa ndiyo bustani tayari. Akapanda mchicha na bamia, akamwagilia saa sita mchana, jua likiwa la utosi. Udongo ule ulikuwa mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo, maji yanazama kama umeyamwaga kwenye chekeche. Miche ikanyong'onyea, ikakauka.

Ng'ambo ya ukuta, mchicha wa Mzee Adelard ulikuwa na majani mapana kama viganja. Kiangazi kizima Najat aliununua kwake. Aliupika kwa nazi, akawalisha mumewe Jabiri na mama mkwe wake, Bi Tunu, aliyekuwa akiugua tumbo mara kwa mara. Ramadhani nayo walifuturu kwa mboga hiyo.

Alasiri moja alikwenda kumwomba mzee amfundishe. Akazunguka nyuma ya nyumba, na kabla hajabisha hodi, harufu ikampiga usoni.

Mfuniko wa shimo la choo ulikuwa umevutwa pembeni. Pampu ndogo ilikuwa ikiguruma, na bomba lake likitapika maji meusi katikati ya matuta. Funza walikuwa wakijinyonganyonga juu ya povu. Kwenye shina moja la mchicha kilikuwa kimeganda kipande cha karatasi ya chooni. Mzee Adelard, pekupeku, miguu imezama hadi vifundoni, alikuwa akichuma na kufunga mafungu ya kuuza.

"Shikamoo," Najat alisema, kwa kuwa mdomo ulishazoea.

"Marahaba, mama. Leo unataka mafungu mangapi?"

"Mzee, hayo ni maji ya chooni."

"Mchanga huu haushiki maji wala hauna rutuba. Ningefanyaje?" Alijifuta mkono kwenye suruali. "Mmea hauchagui. Na nyie mmekula miezi yote, nani amekufa?"

Najat aliinama akatapika palepale, kando ya tuta. Mzee akasogeza mafungu yake yasirukiwe.

Getini alikutana na Clara, mke wa mzee, akitoka sokoni. Kwenye mfuko wake yalichungulia majani ya mchicha.

"Mama, unanunua mchicha sokoni?"

Clara aliutazama mfuko, kisha akatazama chini. "Sie hatulagi ule wa huku nyuma," alisema taratibu.

Hapo ndipo kinyaa kilipomshika Najat hasa. Choo alikuwa amekiona. Lakini mwanamke huyu alikuwa akimpokea kila wiki, akimuulizia hali ya mkwewe, kisha anamfungia mboga ile kwenye gazeti.

Nyumbani alimwaga sufuria lote la mchicha shimoni. Alisugua sinia kwa majivu, akasukutua mpaka fizi zikauma. Jabiri aliposimuliwa alicheka kidogo. "Si umepika ukaiva? Majirani hawa, tusigombane." Najat alimtazama mdomo wake, akaona hawezi kukaa karibu naye.

"Mama yako tumemlisha najisi, Jabiri."

Kicheko kikamwishia.

Asubuhi yake Najat alisimama getini kwa mzee, akawaambia wanawake waliokuja kununua, mmoja mmoja, bila kupaza sauti. Wengine walikwenda nyuma kujionea, wakarudi wameziba pua kwa ncha za khanga. Biashara ile ikafa. Mzee akang'oa mchicha, akapanda migomba, na salamu zikakatika.

Najat alianza upya. Alichimba vitalu vilivyozama kidogo ili maji yasikimbie, akachanganya mchanga na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza ikawa haina harufu. Juu alitandaza majani makavu na makumbi ya nazi, kuukinga udongo na jua. Akawa anamwagilia alfajiri, polepole, kwenye shina. Akichimbua kwa kidole jioni, alikuta chini bado kuna unyevu.

Mchicha ukatoka laini. Aliuosha, akauosha tena, akaupika. Bi Tunu alikula akaramba vidole, na tumbo halikumsumbua. Jabiri aliongeza ugali.

"Mbona wewe huli?" Bi Tunu aliuliza.

Najat alimega tonge, akalichovya, akalifikisha mdomoni. Akalinusa. Alilirudisha kwenye sahani, akaenda kunawa mikono.