Machozi ya Fundi Shalabi

Mtaani kwetu Dumyat, huku Misri, mwanamke akitaka kumsuta mumewe alikuwa akimwambia tu, "Mtazame Fundi Shalabi!" Basi. Hakuhitaji kuongeza neno. Mume aliinamisha kichwa, maana kila mtu alijua kwamba Shalabi, mchonga viti vya sebuleni, hawezi kutia tonge mdomoni bila kumlilia marehemu mkewe.

Ilianzia kwenye arubaini ya mkewe huyo, Niemat. Siku ya maziko Shalabi hakutoa hata chozi, na watu walimteta. Walisema ana moyo wa gogo, na kwa mtu wa kazi yake, gogo si sifa. Siku ya arubaini, dada yake Fawkiya akaleta sinia la bata aliyejazwa vitunguu, kama tunavyomla sisi. Shalabi hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Akamega paja. Alipotafuna tu, chozi likamtiririka. Akatafuna tena, likaja jingine. Sebule nzima ikamgeukia. Shehe akafunga msahafu, akasema, "Huyu ndiye mume!" Huko ndani wanawake wakaangua kilio upya.

Shalabi mwenyewe alishangaa kuliko wote. Kichwani mwake hamkuwa na kitu ila bata. Lakini alipotazama huku na huku na kuona heshima inavyomwagika, akaona si vibaya. Akajipangusa jicho, akachukua paja la pili.

Jicho lililolia lilikuwa moja tu, la kulia. Lakini nani anakagua macho ya mfiwa?

Sasa niwaambie ukweli wenyewe. Kiangazi kilichotangulia, Niemat akiwa hai, Shalabi alioga maji ya moto, akalala kifua wazi chini ya feni, akaamka nusu ya uso imepooza. Mdomo umekwenda upande, jicho la kulia halifungi, chai inamwagikia kidevuni. Mtaa mzima ukageuka daktari. Ni feni hiyo! Funga kitambaa! Paka mafuta ya ufuta! Na zaidi ya yote, tafuna chingamu, tafuna, usipumzike! Akatafuna mpaka karakana ikanuka mnanaa, na kila alipopita mbele ya kioo cha kabati alilokuwa akilitengeneza alijikunja uso kwa nguvu zote, kana kwamba anakaza skrubu.

Majira ya baridi presha ikamchukua Niemat. Uso nao ukarudi, si haba, ila ulirudi na vituko vyake. Akitabasamu, jicho la kulia linafumba, akaonekana anakonyeza wake za watu. Akila, jicho hilohilo linalia. Hakulisema kwa mtu. Sifa ya mgane mwaminifu ilikuwa tamu, na viti viliuzika.

Yote haya yangempita salama, kama asingempenda Bi Inshirah.

Inshirah alikuwa mjane wa mtaa wa nyuma, mpishi wa bata wa harusi, mwanamke mwenye mikono mizito ya kukandia na ulimi mwepesi wa kujibia. Shalabi alimtaka, na alimtaka kweli. Upweke ulikuwa umemshinda. Alikula mkate na jibini akiwa amesimama, akizungumza na msumeno. Mwaka ulipotimia akamtuma Fawkiya, na Inshirah akasema hewala, aje ale chakula cha mchana, na kaka zangu wawepo.

Akaja na shati jipya. Akatengewa bata. Akala, na mnajua kilichotokea.

Inshirah akaweka kijiko chini. "Fundi, unamlilia nani juu ya bata wangu?"

"Simlilii mtu, wallahi! Ni neva."

"Neva!" Inshirah akawageukia kaka zake. "Mwanamume ana haya, mmemsikia? Anasingizia neva." Kisha akamrudia, kwa upole uliomuumiza zaidi. "Sikulaumu, Fundi. Mkeo alibahatika. Lakini mimi siwezi kukaa meza moja na mwanamke aliyekufa, yeye anakula machozi mimi nakula mifupa. Nenda salama."

Akatoka ameloa upande mmoja. Njiani watu watatu walimpa mkono wa pole.

Ndipo alipokwenda kwa Daktari Rawan, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana wa kuwa bintiye. Rawan alimwambia afumbe macho, apulize, akunje paji la uso, anywe maji. Akamtazama kwa makini.

"Haji, unatafuna chingamu?"

"Asubuhi na jioni, kama nilivyoambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

"Na mtaa."

"Basi mtaa ndio umekuharibu." Akamketisha mbele ya kioo. "Neva inaota upya polepole. Haitaki haraka. Wewe umeikimbiza, nyuzi zake zikapotea njia. Uzi wa mate umeingia kwenye machozi, uzi wa mdomo umeshika jicho. Ni kama nyumba iliyofungwa nyaya na fundi umeme mlevi. Unawasha taa ya jikoni, inalia kengele ya mlangoni."

"Sasa nikaze wapi?"

"Usikaze popote! Wewe ukichonga ua la kiti, unapiga patasi kwa nyundo ya kuvunjia mawe?"

Rawan akavaa glavu. Akamkanda Shalabi shavu kutoka sikioni hadi mdomoni, kidole gumba kikiwa ndani ya shavu, taratibu, mpaka nyama iliyokuwa ngumu ikalegea. Kisha akamwambia atabasamu kidogo mno, kama mtu anayeficha siri, na jicho libaki wazi. Likianza kufumba, arudi nyuma aanze tena.

Alijaribu. Jicho likafumba. Akajaribu tena, likafumba.

"Unauvuta mdomo," Rawan akasema. "Uache upande wenyewe. Kumbuka kitu cha kukufurahisha."

Shalabi akamkumbuka Inshirah, akamweka mezani kwake, sinia la bata mkononi. Jicho likajibana kama mlango wa duka siku ya Ijumaa. Akafuta hilo. Ndipo, bila kuitwa, akaja Niemat. Amesimama barazani ghorofani, anamtukana muuza bamia, anavua kandambili, anairusha kwa hasira zote, inamkosa muuza bamia inampata Shalabi utosini. Mdomo ukapanda pande zote mbili, sawasawa, jicho li wazi.

"Hapohapo!" Rawan akapiga kofi. "Umekumbuka nini?"

"Mteja," Shalabi akadanganya, na uso ukamwiva.

Wiki zikapita. Kila alipokwenda, alijaribu kuutumia uso wa Inshirah, ukagoma. Akirudi kwa marehemu, unafanya kazi. Jambo hilo lilimkera sana. Mwanamke aliyegombana naye maisha yao yote kwa ajili ya vumbi la mbao na vitunguu vilivyoungua, sasa anakuja kumfundisha kutabasamu!

"Jicho lako lina bahati," Rawan akamwambia siku moja. "Wengi waliokaa muda mrefu bila kufumba huja limechubuka. La kwako safi. Nani alilitunza?"

"Marehemu. Kila tukienda kulala alinitia dawa, akalibandika plasta. Na matusi juu. Eti hawezi kulala na samaki wa sokoni anayemtumbulia jicho."

Rawan akacheka. Shalabi alikuwa amekwisha kuinuka kutafuta viatu vyake.

Aliomba kitu kimoja tu: daktari amweleze Inshirah. Rawan akakubali. Fawkiya akamleta Inshirah kliniki kwa maneno mengi, na Rawan, bila maneno mengi, akampa Shalabi kipande cha limau la achari. Akalamba. Jicho la kulia likachuruzika.

"Umeona, Bi Inshirah? Ni limau tu. Machozi haya hayana habari na moyo. Jicho la kushoto ndilo zima, na tazama, kavu."

Shalabi akavimba kwa furaha. Hatimaye! "Nilikwambia, si nilikwambia? Ni neva!"

Inshirah akalitazama jicho la kulia, akalitazama la kushoto. "Kwa hiyo siku ya arubaini, yale yalikuwa ya bata?"

"Ya bata, wallahi!"

"Na kabla ya hapo? Maziko?"

"Hata tone!" Shalabi akaapa, kifua mbele, mjinga wa watu. "Sijamlilia hata siku moja!"

Inshirah akafunga mtandio wake vizuri. "Mwanamke amelala nawe miaka yote ile, amekufulia, amekupikia, umemzika kwa macho makavu, halafu unajisifu mbele yangu? Mimi nikifa si utachukua vipimo vya sofa palepale kaburini?" Akatoka. Fawkiya akamkimbilia, kisha akarudi mlangoni kumpa kaka yake tusi alilolisahau.

Nani anaweza kumfungia Fawkiya mdomo? Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua. Wanaume waliosutwa kwa jina lake walipata siku yao. Wakipita karakana wanauliza, "Haji, leo umemlilia nani, limau au tango?" Mkahawani walimwekea sahani ya achari. Shehe aliyesema huyu ndiye mume akawa anatazama upande mwingine.

Shalabi hakuacha mazoezi. Ukimuuliza kwa nini, alisema wateja hawapendi kukonyezwa. Kila asubuhi, kabla ya kushika patasi, alikaa mbele ya kioo na kutabasamu kidogo, na kila asubuhi kandambili ilitua utosini mwake. Kuhusu machozi, Rawan alimwambia wazi kwamba mazoezi peke yake hayatayamaliza, akampeleka kwa daktari wa macho, akachomwa sindano ndogo kwenye tezi ya machozi ya jicho la kulia. Jicho likanyamaza. Akala achari mkahawani mbele ya wote, sahani nzima, akakauka kabisa. Hakuna aliyempongeza.

Ikafika hitima ya mwaka wa pili wa Niemat. Fawkiya, aliyekuwa amechoka kupika, akaagiza bata kwa Inshirah. Inshirah akauliza swali moja la ajabu: marehemu alikuwa akimpikaje?

"Wifi yangu? Mungu amrehemu, alikuwa akiunguza vitunguu. Kila mara! Anakwenda barazani kugombana na watu, anarudi vimekuwa mkaa."

Siku yenyewe Inshirah akaja na masinia yake. Watu wakamega, wakatazamana. Vitunguu ndani ya bata vilikuwa vimeungua, vyeusi, vichungu. Bata wa Inshirah! Mwanamke anayepikia harusi za wakubwa! Minong'ono ikaanza, mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba uzee hauchagui mkono. Inshirah alisimama karibu na mlango wa jikoni, mikono kifuani, akiyasikia yote, asijibu. Macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja.

Shalabi akatia tonge la kwanza mdomoni bila kufikiri. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Uchungu ule ulimshika ulimini, na pamoja nao nyumba yake yote ikarudi: moshi jikoni, kelele barazani, na vidole vinavyobonyeza plasta juu ya kope yake, taratibu, taratibu mno kwa mwanamke mwenye matusi kiasi kile. Hakuwahi kumshukuru. Alikuwa akidhani ana muda. Chozi likajaa, likaning'inia, likaanguka juu ya mkate, na jingine nyuma yake.

"Neva," akasema haraka, akijifunika uso kwa leso. "Samahanini, ni neva, ni neva tu."

Mkahawa wote ulikuwapo, nao ukafa kwa kicheko. "Imerudi!" mmoja akasema. "Mwekeeni limau!" Fawkiya akasogea, akamtoa leso, akamkagua uso, akajishika kichwa. "Yarabi, kaka! La kulia kavu, sasa ni la kushoto! Ugonjwa umehamia upande wa pili! Mrudisheni kwa daktari!"

"Mwacheni," Inshirah akasema.

Aliuacha mlango wa jikoni, akapita katikati ya watu, akakaa mbele ya Shalabi. Akamtazama jicho la kushoto muda mrefu, mpaka wacheshi wakachoka kucheka.

"Hilo halina ugonjwa," akasema.

Inshirah akavuta sinia, akamega mkate, akaukusanyia vitunguu vyeusi, akamsogezea.

"Kula, umalize. Kwangu havitaungua tena, Fundi. Leo nimeviunguza kwa ajili yake."

Akala, analia, mpaka sinia likabaki mifupa. Alipoinua uso kumshukuru akatabasamu, na jicho la kulia halikufumba.