Vidonge vya Toto

"Bana," alisema Pasi. "Bana, mama. Usinitazame mimi, tazama kibanio."

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu wa kulia ameunyoosha kama si wake, anapigana na kibanio cha kuanikia nguo. Kidole gumba kilitetemeka, cha shahada kikafuata, na ule mdomo wa plastiki ukafunguka kidogo, ukauma shuka. Jasho lilimtoka utadhani amebeba gunia. Pasi akakibandua kibanio, akamrudishia.

"Tena."

"Mm... mbaya wewe," mama akasema.

"Mbaya, ndiyo. Tena."

Jina la Pasi alipewa kazini, kwenye kiwanda kikubwa cha dobi kinachofua mashuka ya mahoteli, maana tangu usichana wake amesimama pale kwenye pasi ya mvuke mpaka nyusi zimepukutika. Na tangu kiharusi kilipomwangusha mama jikoni, huamka kabla ya jua, akamgeuza, akamwogesha, akamkanda vidole kimoja kimoja, kisha akamlazimisha kusema. "Sema maji. Husemi, hunywi." Majirani wakisikia hudhani anamtesa.

Na neno la kwanza kurudi kinywani mwa mama, baada ya kazi yote hiyo, lilikuwa "Toto."

Toto ni mdogo wake Pasi, mwanamke mzima mwenye gari, ila jina la utotoni limemganda. Alikuja Jumapili moja na marashi yake, akaweka mezani chupa ya vidonge vya kijani. Dondoo la mmea, alisema. Watu wa maabara wamekamua majani na maua, wakatoa kitu kinachotuliza uvimbe wa ubongo na kuziamsha sehemu zilizolala. Yote hayo aliyasoma kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Mama akaipokea kama mtu anayepewa mjukuu.

Siku aliposimama kwa mara ya kwanza, ameshikilia ukuta, jirani alichungulia mlangoni akauliza kulikoni. Mama akainyoshea kidole chupa.

"Dawa," akasema. "Toto."

Pasi alikuwa nyuma yake, amemshika kiuno kwa mikono miwili asianguke.

Kuanzia siku hiyo mama hakumeza tena vidonge vya Toto. Vya presha, vya hospitali, Pasi hakuvichezea. Vidonge hivyo alimpa bila kukosa. Lakini vile vya kijani alivimwaga kwenye mtaro wa dobi, mahali pake akatia vitamini za watoto kutoka duka la kona, za kijani vilevile. Hakuwa na nia mbaya, alijiambia. Alitaka tu kuona.

Na aliona. Mkono ulizidi kufunguka. Mama akaweza kushika kijiko, akaweza kumtukana mtu sentensi nzima. Kila alipoweza jambo jipya, alimshukuru Toto.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Msimamizi wa dobi alikuwa amekwisha kumwambia Pasi kwamba nusu siku ataikata kwenye mshahara, na akichelewa asihangaike kurudi.

Hospitalini walikuta chumba cha mazoezi kimehamishiwa stoo, nyuma ya jiko. Mtaalamu mmoja, na wagonjwa wamepangwa ukutani mpaka nje juani. Kile chumba cha zamani, chenye madirisha makubwa, sasa kilikuwa na kaunta ya kampuni ya vidonge vya mmea, na feni, na viti vya kunesanesa, na wasichana wawili wenye sare wakimtabasamia kila apitaye.

"Mazoezi, njooni mwezi ujao," alisema karani wa mlangoni bila kuinua uso.

"Mwezi uliopita ulituambia hivyohivyo."

"Basi mmeshazoea."

Toto alikuwa amewatangulia, yuko kule penye feni na bwana mmoja mwenye kamera.

"Dada! Nimeshapanga kila kitu. Mama anasema maneno mawili tu, kampuni inatupa vidonge vya mwaka mzima bure. Unajua vimepanda bei?" Akainama, akambusu mama shavuni. "Mama yangu mrembo. Umeona unavyong'aa?"

Mama aling'aa kweli. Pasi ndiye aliyempigia pasi lile gauni.

Walimwita daktari kijana asimame pembeni ili picha iwe na koti jeupe. Hakuonekana kufurahi.

"Siwezi kusema vinaponya," alisema. "Kwa panya wa maabara mmea huu umetia matumaini. Kwa watu bado wanachunguza."

"Hutakiwi kusema kitu, daktari. Wewe simama tu."

Mama akainuliwa. Akauinua mkono wa kulia mbele ya kamera, akafumba vidole, akafumbua, polepole, kama anavyofanya kila asubuhi ukingoni mwa kitanda.

"Mkono umerudi," akasema. "Toto... ameurudisha."

Toto akalia, machozi yakimshuka vizuri bila kumharibia wanja.

"Hajameza hata kimoja tangu siku aliposimama," Pasi akasema.

Bwana wa kamera akageuka. "Huyu nani? Mfanyakazi?"

"Dada yangu," alisema Toto. "Dada, unasema nini?"

"Nasema vidonge vyako vimekwenda na maji ya mtaro. Mama anakula vitamini za watoto. Mkono huo nimeurudisha mimi." Akainyanyua mikono yake, yenye makovu ya mvuke. "Mimi! Kwa hii!"

Alikuwa ameyalaza maneno hayo kifuani muda mrefu, akidhani siku yakitoka patatulia, watu watamtazama. Walimtazama kweli. Wasichana wa kaunta waliacha kutabasamu. Mama alikuwa bado ameuinua mkono, amesahau kuushusha.

Toto hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kama bila dawa amefika hapa, dada," alisema, "na dawa angefika wapi?"

Pasi akamgeukia daktari. "Mwambie."

"Mazoezi tunajua yanasaidia," alisema daktari. "Umefanya kazi kubwa sana. Hiyo dawa, huenda isingebadilisha kitu." Akasugua paji la uso. "Huenda. Sijui, dada. Kwa kweli sijui."

"Haina neno," alisema bwana wa kamera, anafunga vifaa vyake. "Sauti ya huyu tutaikata."

Mama aliketi. Alimtazama binti yake mkubwa, akatafuta neno, mdomo ukienda upande, na Pasi akajikuta anausogeza mdomo wake mwenyewe kumsaidia, kama alivyozoea.

"Uli... nidanganya," mama akasema. Neno refu kuliko yote tangu augue. Halafu akamnyoshea mkono Toto. "Twende. Kwako."

Gari lilikuwa kivulini karibu na geti. Toto alimweka mama kiti cha mbele, akamfunga mkanda, na mama akamshika mkono kwa vidole vyote vitano, akabana, hakumwachia. Toto akacheka kwa mshangao. "Ana nguvu!"

Pasi alisimama na mfuko wa nguo za mama za kubadilisha, aliokuja nao kliniki.

"Dada, yaliyopita tuyaache," Toto alisema dirishani. "Hayo mazoezi unaanzaje? Niambie nimweleze msichana wangu wa kazi."

Pasi akapitisha mfuko dirishani.

"Soma kwenye chupa," akasema.

Kioo kikapanda. Gari likarudi nyuma, likageuka, likasubiri mlinzi afungue geti, na lilisubiri kwa muda wa kutosha mtu kulifikia kwa miguu, hata mtu aliyesimama kazini ujana wake wote. Pasi hakusogea. Likatoka.

"Kidole gumba kwanza," alisema. "Ukianza na vingine anachoka."

"Unasemaje?" mlinzi akauliza.

"Sisemi na wewe."

"Basi sogea, mama. Hapa panapita magari."