Kichwa Chini ya Kikapu

Mwaka ule Malkia wa Waingereza alipotawazwa, Filemoni alikuwa akikata mkonge Mikindani, na mkewe Mabel, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa Chiwata kwa mama yake, Isabela. Mabel alitamani samaki mpaka akawa analia. Filemoni akamtumia kwa lori kikapu cha vipande vilivyokaushwa kwa moshi. Siku tatu Isabela alipika, binti akala peke yake mpaka akaramba vidole.

Siku ya nne Isabela alipenyeza mkono ndani mpaka chini ya kikapu, akatoa kichwa. Kirefu, meno kama sindano, ngozi haina gamba hata moja. Alikiangusha. Samaki wa baharini alimjua kwa vipande tu. Nyoka aliwajua wazima, kila mwaka aliwaua kwenye mikorosho. Na wazee walisema mjamzito akila nyoka, mtoto hutambaa maisha yake yote. Kanisani, alikofundisha wanawake katekisimu, Isabela aliyakemea mambo hayo. Siku hiyo aliyaamini yote, maana mpishi alikuwa yeye. Kumwuliza Filemoni haikuwezekana: mama hasemezani na mkwewe habari za chakula, hata kwa barua.

Akakifunga kichwa kwenye kitambaa, akaenda mbiombio dukani kwa Abdulkadiri, ambaye mkewe Sikudhani alizaliwa pwani. Sikudhani alikigeuzageuza, akamwonyesha tundu la kupumulia nyuma ya shavu, na pezi lililoanzia kisogoni. Nyoka gani ana pezi?

“Huyu ni samaki, anaitwa mkunga, Mama Mabel. Anakaa kilindini kabisa, mshipi unateremshwa mpaka mkono unachoka. Nimemla kwenye mimba zote nne, na wanangu ndio hao wanaokuibia mabibo. Umewahi kumkamata hata mmoja?”

Hajawahi. Walikimbia kama paa. Isabela aliketi juu ya gunia la chumvi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na moyo ukarudi mahali pake.

Nyumbani alimsimulia Mabel hofu yake yote. Binti akainamisha uso.

“Nisamehe, mama. Kichwa nilikificha mimi. Filemoni alishanieleza mkunga alivyo, nami nilijua ukikiona utatupa kikapu kizima.”

Isabela alifungua kinywa agombe, akaliona lile tumbo, akakifunga. Akakoka moto, akabandika chungu. Mchana ule alijipakulia na yeye, akaanza na kichwa.