Vitabu Viwili vya Kazungu

Nyamvula hakujua kusoma, lakini nyimbo za Kazungu alizijua zote. Kazungu ndiye aliyewatia wazimu vijana wa Changamwe kwa gitaa lake la umeme, akipiga roki mpaka watu wakavua viatu. Matano, mume wa Nyamvula, alimpigia ngoma miaka minne. Mwaka wa sitini na mbili gari lao lilipinduka njia ya Voi, wakafa wote wawili. Kazungu alililiwa na mji mzima. Matano alililiwa na nyumba moja.

Mwaka uliofuata vikatoka vitabu viwili vya maisha ya Kazungu. Nyamvula akamwomba jirani yake, Bi Zubeda, waandamane hadi dukani kwa Mzee Ghalib, amchagulie kilicho kizuri.

"Chukueni hiki," alisema Mzee Ghalib, akitoa chenye jalada la kung'aa. "Hicho kingine kaandika mpiga tarumbeta wa bendi yao. Wallahi, hata wino wake unashika vidole."

"Matano yumo?" aliuliza Nyamvula.

Bi Zubeda alikipekua chote kile cha kung'aa. Hamo. Safari ya mwisho, kilisema, Kazungu alikuwa peke yake.

Akafungua cha pili, akasoma taratibu: "Mvua ilikuwa kubwa, tukaamua kulala Voi. Matano akakataa. Alisema..."

"Soma, dada."

"Nitakusomea nyumbani."

"Nisomee sasa."

Bi Zubeda akateremsha sauti. "Alisema mwanawe ana homa, na amemwahidi mkewe kurudi. Kazungu akachukua ufunguo, akamwambia, twende basi nikupeleke. Sisi wengine tukabaki."

Nyamvula akaishika meza ya vitabu. Mwaka mzima alikuwa akimlaumu Kazungu kwa ulevi, kama watu walivyosema. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyemwambia mumewe arudi. Na ile homa ilikuwa imeshuka hata kabla maiti haijaletwa.

"Chukua cha picha nzuri, mwenzangu," alisema Bi Zubeda. "Ya nini kujitonesha kidonda?"

"Hicho mume wangu hamo."

Akalipa, akakifunga kitabu ndani ya leso.

Nyumbani, Mapenzi, binti yake wa miaka mitano, alitaka kuona picha. Ilikuwamo moja tu, nyeusi kwa wino, na Nyamvula mwenyewe hakuweza kumtambua mumewe. Bi Zubeda akasoma majina yaliyo chini yake, akaweka kidole. "Huyu, nyuma ya ngoma."

Nyamvula aliitazama mpaka macho yakajaa.

"Babako huyu, mwanangu," alisema. "Siku ile alikuwa akija kwetu."