Mume wa Koleta Gazetini

Mtu anayeuliza habari za watu halafu akaziandika, Koleta hakumwamini hata aje na adabu za namna gani.

"Shikamoo, mama. Naitwa Habibu, natoka Biharamulo mjini. Naandika hadithi za gazeti."

"Marahaba," alijibu, macho kwenye daftari mkononi mwa mgeni. Hadithi gani za kumtoa mtoto wa mjini mpaka Nemba? Waingereza walikuwa wakihamisha vijiji vyenye ugonjwa wa malale, watu wakaacha migomba yao wakarundikwa pamoja mbali. Na malale yalikuwa yamemuua mumewe, Alfonce, mwezi mmoja tu nyuma. Majirani walimzika migombani bila kilio, habari zisifike ofisini, wakapanda maharage juu ya kaburi, wakafunga midomo.

"Na mzee yuko wapi?" Habibu akauliza.

Hapo ndipo alipokuwa anapataka, Koleta akawaza. "Yuko Uganda, baba, anachuma pamba. Atarudi."

Ungedhani yameisha. Kumbe Habibu alikuwa king'ang'anizi: mzee aliondoka na nini? Aliagaje? Siku tatu alirudi kuuliza, na kila swali lilimzidishia Koleta hofu na uongo. Akabuni blanketi, akabuni ahadi ya kanga. Siku ya tatu alipakua hata ndizi za Alfonce, akazifunika, ili mpelelezi yule aone kwamba mwenyewe anangojwa. Habibu aliandika mpaka ndizi zikapoa.

Alipoondoka, Koleta aliishi roho juu. Kila mgeni njiani alikuwa mtu wa kuwahamisha. Hakuja mtu.

Likaja gazeti. Katekista Xavery alilisoma baada ya sala ya Jumapili, wote wakisikia: mke mmoja wa Nemba, sahani iliyofunikwa, njia inayotazamwa kutwa. Malale hayakutajwa. Mwishoni mume anaingia, blanketi begani, kanga mkononi, anafunua sahani na kukuta ndizi zingali moto.

Koleta aliona aibu kwa kumshuku mtu bure. Halafu likamshika jambo zito kuliko aibu.

"Xavery, soma tena pale anapoingia."

Xavery akasoma. Zita, jirani aliyechimba kaburi lile, akaketi chini akanyoosha miguu, kama wanawake wakaavyo msibani. Wengine wakamfuata. Koleta akalia kwa sauti iliyofika barabarani, kilio alichokimeza tangu siku ile, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.