Kiapo cha Woolwich

Ijulikane kwa mataifa yote, makubwa kwa madogo, kwamba siku ya Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, Mahakama ya Makosa ya Vita ilifungua kikao chake Woolwich, London. Saa tatu na dakika nne iliahirishwa. Birika la chai lilikuwa limezima umeme wa jengo zima, pamoja na wa duka la vitambaa lililo chini.

Ilikuwa kesi ya kuigiza, mtihani wa mwisho wa mafunzo ya wiki tatu. Mtahiniwa alikuwa Jaji Severin, kutoka mashariki ya Kongo. Akifaulu angepewa hati, na kwa hati hiyo wafadhili wangemfungulia mahakama wilayani kwake. Akianguka, kesi zingebaki mji mkuu, na mashahidi wake kumi na mmoja, wengi wao wajane, hawakuwa na njia ya kufika huko.

Time Vuai, mama wa Kipemba aishiye Ilford, alikuwa mkalimani tu. Lakini mwigizaji wa kuwa shahidi alishikwa na homa, na Margaret, mwalimu wa mafunzo, akampigia simu Time ashike nafasi hiyo. Shahidi wa kwenye faili ni Mwislamu, alisema, kwa hiyo njoo na Kurani yako. Time akajibu yes, no problem, akakata simu, akajuta. Angemuapiaje Mungu kwamba aliona kijiji kikiungua, naye amekiona kwenye karatasi? Na akikataa, mtihani hakuna, na jina lake litafutwa kwenye orodha ya wakalimani.

Basi akachukua kabatini kitabu cha ramani za mitaa ya London, akakifunga kwa kitambaa cha kijani. Urefu ulilingana, unene ulilingana. Utakatifu ndio uliopelea.

Wiki tatu nzima Margaret alihubiri jambo moja: kitu hakipokelewi mahakamani mpaka kifunguliwe, kitazamwe, kiandikwe, ndipo kitiwe saini. Lakini nani angethubutu kufungua kitambaa kile? Kwenye fomu paliandikwa "Kurani moja". Margaret akatia saini. Priscilla, karani aliyekuja na jaji, akatia saini. Jaji naye akatia.

Time akaapa, akatoa ushahidi uliomfanya Priscilla afute macho. Saa tisa hukumu ilisomwa, safi kabisa. Margaret alikuwa ameshatoa kalamu aisaini hati, Severin akainua kile kifurushi kwa mikono miwili amrudishie mwenyewe. Akasita. Kidole chake kilikuwa kinapapasa waya uliojisokota mgongoni mwa kitabu.

"Mama Time," akasema polepole, "Kurani ya kwenu ina waya?"

Hati ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka mkono wa jaji. Time angeweza kunyamaza.

"Haina, mheshimiwa. Hicho ni kitabu cha ramani. Cha marehemu mume wangu, alikuwa akiendesha teksi."

Margaret akauliza wanasemaje. Kazi ni kazi: Time akageuka, akayatafsiri maungamo yake mwenyewe kwa Kiingereza kilichonyooka, mpaka teksi haikuachwa. Margaret akainama, akanong'ona kwamba hili ni zoezi tu, ndege ya jaji ni kesho, lisiandikwe. Na kwa kuwa mkalimani haruhusiwi kuacha neno, Time akalitafsiri hilo pia, kwa sauti, na Priscilla akaliandika.

"Andika na hili," Severin akamwambia karani. "Kiapo ni batili, na hukumu imekufa nacho. Mawakili wa makanali wanaoshtakiwa kwetu wangekifungua kitambaa hiki kabla ya chai."

Margaret akasema kesi isiyokamilika haina hati. Akafunika kalamu yake.

Severin alisukuma kumbukumbu za kikao katikati ya meza, akamwomba kila aliyesaini ile fomu asaini na hizi. Margaret alilitazama jina lake mwenyewe, la kwanza kwenye orodha, akasema anahitaji chai. Severin akazikunja zile karatasi, akazitia mkobani palipoachwa nafasi ya hati.

"Mahakama yetu tutaianza na hizi," akasema. "Lakini mama, niambie. Kwa nini?"

Time alikuwa anakunja kitambaa chake.

"Niliogopa kukataa, mheshimiwa, nikaona afadhali nidanganye. Hilo kosa langu, liandikeni. Ila mwenye haki ya kuapa, aliyekiona kijiji kikiungua, yuko kwenu huko, na hakuna aliyemwita."