Jina Lisilo na Mtu

Mlango wa nyumba ya mama mkwe wangu ulikuwa haufungwi. Ulizuiwa na jiwe jeusi la ziwani, lililolainishwa na mawimbi, na jiwe hilo lilikaa pale hata mvua ilipoingia sebuleni na mbuzi wa jirani wakaja kujilaza kwenye mkeka. Nilipoolewa katika boma hili la Asembo Bay nilidhani komeo limeharibika. Nikajitia kimbelembele, nikamwambia mume wangu anunue jingine. Gordon alinitazama, akasema komeo ni zima, akatoka kwenda kuchanganya rangi zake.

Habari yenyewe niliipata baadaye, vipande vipande. Gordon alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Oluoch, jina wanalopewa huku wavulana waliozaliwa mawingu yametanda. Aliingia ziwani na wenzake kuvua, boti ikapinduka, wenzake wakaokolewa, yeye asionekane tena. Wazee walingoja, wakachoka kungoja, wakafanya kama Wajaluo wafanyavyo mtu akipotelea majini: walichimba kaburi na kuzika tunda refu la mwegea badala ya mwili. Mama Dorca, mama mkwe wangu, alikataa kutupa udongo. Alisema yeye hakuzaa tunda. Jioni hiyohiyo akaliweka jiwe mlangoni, ili mwanawe akirudi asipige hodi kwao kama mgeni. Picha zake alizitoa ukutani akazifungia sandukuni, na jina lake halikutajwa tena pale. Mimi hata sura yake sikuijua.

Kwetu ni Bungoma, ndiyo maana Mama Dorca hakuwahi kuniita Agneta. Aliniita nyar Bungoma, yaani binti wa Bungoma, kwa mapenzi nikimpelekea chai na kwa ukali nikiiacha ipoe. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi mjini Kisumu, na nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza tulikuja kwake, likizo ya uzazi inikute karibu na mikono iliyozoea kulea. Lakini nilikuja na langu moyoni. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, na utoto wangu wote niliambiwa natembea kama yeye, nanuna kama yeye, hata ugali wangu unaungua kama wake. Sikuwahi kuachiwa kosa likawa langu mwenyewe. Mwanangu nilimtakia jina fupi, jepesi, jipya kabisa, jina lisilo na mtu ndani yake.

Katika hilo nilidhani nimepata mwenzangu. Gordon huchora majina kwenye boti, na wenye boti hupenda majina mafupi kwa sababu ubavu wa mbele hubana kuelekea ncha. Kutwa nzima alikuwa ufukweni na brashi yake, akichora majina ambayo wenyewe waliyatoa kwa wajukuu wa ng'ambo au kwa wachezaji wa mpira, kisha jioni ananiletea mimi nimtafutie maana kwenye simu. Tuliyaonja kama watu waonjao maembe sokoni. Ari, ambaye kwa Waebrania ni simba na kwa watu wa Aisilandi ni tai. Bo wa Skandinavia, mtu aliyepata makazi. Obi wa Waigbo, moyo. Asa, mponyaji. Kofi wa kule Ghana tulimwacha kwa masikitiko, maana yeye ni wa Ijumaa na wetu alizaliwa Jumatano. Nililala nayo majina hayo, yakaelea kichwani mwangu kama magugumaji kwenye ghuba, kijani kibichi, bila mzizi unaogusa chini.

Mama Dorca alitusikiliza siku moja akipepeta omena, wale dagaa wa ziwani. Nilipomwambia kuna jina Leo, lenye maana ya simba kwa Kilatini, aliuliza bila kuinua macho, "Na kesho tutamwita nani?" Nilicheka hadi mtoto akashtuka. Nikajaribu jingine, Kai, nikaeleza kuwa katika visiwa vya Hawaii maana yake ni bahari. Hapo hakuna aliyecheka. Gordon aliweka kikombe chini akasema ziwa tayari lina mtu wetu mmoja, na yeye hatalikaribisha tena ndani ya nyumba.

Shida ilikuwa mtoto mwenyewe. Kila jua lilipoanza kuegemea upande wa ziwa, aliacha titi akalia. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha tumbo. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akampima, akasema ni mzima na ana afya ya kuonewa wivu. Bado alilia, mpaka sauti ikamkauka ikawa mkwaruzo tu, na kila jioni niliona ananyonya kidogo kuliko jana yake. Niliogopa. Naandika waziwazi kwamba niliogopa, kwa sababu mbele yao nilijifanya sina wasiwasi.

"Nyar Bungoma," mama mkwe aliniambia, "huyu mtoto haliangi tumbo. Analia jina."

Desturi hiyo niliijua, hata kwetu ipo. Marehemu wa ukoo hutaka kurudi, na mtoto hulia mpaka aitwe kwa jina la yule anayemtaka. Basi nikakaa kwenye kigoda na mtoto kifuani, Mama Dorca akainama sikioni mwake akawa anawaita waliotangulia, mmoja mmoja, kwa upole, akimwachia kila mmoja nafasi ya kuitika. Kama ni wewe Opondo, nyonya. Kama ni wewe Ondiek, nyonya. Aliwaita wavuvi na wakulima, aliwaita walioenda vitani na hata mjomba mlevi ambaye kila mtu alitumaini si yeye. Mtoto aliyakataa yote. Mimi nami, Mungu anisamehe, kila jina lililokataliwa nilipumua, nikaona Asa na Ari wanasogea karibu na mlango.

Kisha nikaota.

Ilikuwa mchana, saa ile ambayo joto hushusha sauti za watu. Nilikuwa nimejinyoosha na mtoto kwenye nyumba yetu ndogo karibu na lango, harufu ya omena zinazokauka ikiingia kwa upepo, na sijui ni wakati gani kuwa macho kuliisha na usingizi ukaanza, maana katika ndoto nilikuwa palepale, juu ya kitanda kilekile. Kijana mrefu alisimama kizingitini. Mkononi alishika akala zake, zile ndala za matairi, na miguu yake mitupu ilikuwa imejaa vumbi hadi kwenye vifundo. Nyuma yake ziwa lilikuwa jeupe na limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Alimtazama mtoto akatabasamu, kisha akaitazama miguu yake kwa haya, kama mtu anayeona sakafu imepigwa deki. Hakuingia. Mtoto alikuwa akimchekea. Nilipoamka mtoto alikuwa kweli anacheka, ametazama mlangoni, na pale hapakuwa na mtu.

Nilimwambia Gordon alipokuja kula. Nilimweleza kama kichekesho, lakini nilipofika kwenye akala aliacha kutafuna.

"Alizishika mkononi?"

Nikasema ndiyo, mkono wa kushoto. Akaniambia kwamba mdogo wake alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, kutembea peku akizibeba akala zake ili zisiishe, na nyumba nzima ilikuwa ikimcheka kwa ubahili wake. Hilo mimi sikuwahi kuambiwa na mtu. Nilimwona Gordon akifuta macho kwa mkono wenye rangi, ikambakia bluu shavuni.

"Usimwambie Mama," alisema. "Anaita waliokufa. Ukimpa hilo jina aliite, utakuwa umemzikia mtoto wake."

Nikakubali. Ilikuwa rahisi kukubali, kwa kuwa kunyamaza kwangu kulifanana na huruma, na wakati huohuo kuliniachia njia yangu wazi. Siku zilizofuata nilizunguka katika boma kama mtu anayetembea ndani ya maji ya kiuno. Nilimsikiliza Mama Dorca akirudia majina yaleyale kwa mpangilio mwingine, nikijua ni lipi analoliruka. Naye alikuwa akiliruka vilevile kila mara, akivuta pumzi kidogo mahali ambapo lingekaa, kisha akiendelea na babu mwingine. Nilianza kuisikia ile pumzi kuliko majina yenyewe.

Jioni moja alikuja kwetu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mtoto alikuwa ameshaanza kilio chake. Mama Dorca alionekana mdogo, mabega yameshuka, kitambaa cha kichwani kimelegea naye hakukijali.

"Majina yangu imeisha," alisema. "Wewe mwite tu ile yako fupi, mtoto alale."

Nilikuwa nimeshinda. Kulikuwa kumebaki kuchagua jina tu, na Gordon angelichora vizuri popote ningetaka. Nililitafuta jina mojawapo mdomoni, nikayapata yote pale, mepesi, mazuri, kila moja na maana yake nzuri ya mbali. Nikamtazama mwanangu aliyekunja ngumi akilia bila sauti, na sikuona hata moja ambalo lilikuwa likimtafuta. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyetembea mpaka kizingitini kwake. Na mimi mwenyewe, niliyeapa kwamba mtoto wangu hatarithi mtu, nilikuwa nimemsimamisha mtu huyo nje na vumbi lake miguuni.

Gordon alikuwa mlangoni. Alijua kabla sijafungua mdomo, akatikisa kichwa. Nikasema hata hivyo. Nilimwambia Mama Dorca kuna kijana alinijia mchana ameshika akala zake mkononi.

Hakupiga kelele. Alikishika kitanda kwa mikono yote miwili, na kwa muda nilidhani nimeua mtu. Nilitegemea aniulize alitaka nini, au kwa nini alinijia mimi mgeni na si yeye mama yake. Alichouliza ni kingine.

"Alikuwa amelowa?"

Ndipo nilipoelewa miaka yake yote ya kulala na mlango wazi, jinsi alivyokuwa akimwona mwanawe kila akifumba macho, bado yumo majini.

"Hapana, mama. Alikuwa mkavu. Miguu ilikuwa na vumbi mpaka hapa."

"Vumbi," alisema. Akalirudia polepole, kama anayekabidhiwa kitu na kukipima uzito. "Basi alitoka. Alitoka kwa maji akatembea." Machozi yalimshuka naye akayaacha. "Sasa mbona hakuingia? Mimi sijafunga."

"Mlango aliukuta wazi, mama. Nadhani alikuwa anangoja kuitwa."

Gordon alikuwa ameupa uso ukuta. Mama Dorca alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, kwa utaratibu, kama mtu anayekwenda kanisani, kisha akanisogelea. Safari hii sikumsikia akisema "kama ni wewe". Alimwita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mama kijana aliyesimama uani wakati wa chakula.

"Oluoch. Oluoch, *bi ichiem*."

Oluoch, njoo ule. Mtoto alikwama katikati ya kilio. Aligeuza uso, akatafuta, akalishika titi, akanyonya kwa pupa hadi nikauma meno. Mimi ni mwalimu na najua kuwa maelezo mengine yapo. Mtoto huchoka, njaa humshinda. Sikuyatafuta. Tulikaa watatu tukimsikiliza akimeza, na nje wanawake walikuwa wakikusanya omena zao kabla umande haujashuka.

Mama Dorca aliondoka bila kutuaga. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa kidogo, mwanga wake umelala chini uani, na kupitia mlango wetu nilimwona akivuka kwenda kwake, akisimama kizingitini, akiinama. Jiwe lilikuwa zito kwake. Alilisukuma kwa mguu. Kisha mlango ukafungwa, na komeo lililokaa miaka bila kazi likalia kwa kutu, likasita, likaingia mahali pake.

Gordon, aliyekuwa ameanza kuosha brashi, alibaki ameinua moja hewani, bluu ikidondoka chini tone kwa tone. Nilimweka Oluoch begani, nikampapasa mgongo, nikangoja acheue.